Muulize Fundi: Maji Yanapotea Chini ya Sakafu, Nyundo Iache Kwanza

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya bomba zinazopita chini ya zege, nikaandika mistari miwili nikarudi kwenye masinki, kumbe nimechokoza nyuki. Wengi mmeuliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nivunje wapi? Haya, nimechukua barua chache. Nyingine zinafanana sana, kwa hiyo usipoiona ya kwako ujue jibu lako limo humu humu kwa mwenzako.

Habari fundi. Nyumba yetu ni ya chini tu, haina ghorofa, sakafu ni zege na juu yake marumaru. Tulizoea kutumia uniti 15 za maji kwa mwezi, mwezi huu zimekuja 58, hatujaongeza mtu wala bustani. Mume wangu alisoma mita saa nne usiku ikawa 412.386, saa kumi na mbili asubuhi ikawa 412.866, na usiku huo hakuna aliyefungua hata koki. Hakuna mahali palipolowa. Fundi aliyekuja kaangalia dakika tano akasema bomba limepasuka chini ya sebule na kesho anakuja na mashine ya kuvunjia. Nimruhusu? Mama Mwenye Nyumba

Nzuri mama. Usimruhusu, bado. Sisemi ni muongo, inawezekana kabisa kapatia, ila kupatia kwa kubahatisha na kukosea kwa kubahatisha vyote vinaanza na shimo moja katikati ya sebule yako.

Kwanza mpongeze mumeo maana kafanya kazi ambayo mafundi wengi hatuifanyi. Kwenye mita ya aina yenu namba za kabla ya nukta ni uniti nzima, kila moja lita 1,000, na zile za baada ya nukta ndo lita zenyewe. Kwa hiyo usiku ule zimepita lita 480 ndani ya masaa 8, yaani lita 60 kwa saa, lita moja kila dakika. Piga kwa siku nzima ni lita 1,440, piga kwa siku 30 ni uniti 43 na ushee. Zijumlishe na zile 15 zenu za kawaida, unapata 58. Bili yenu haijakosewa, maji kweli yanapita. Sasa swali ni yanakwenda wapi, na hapo ndo fundi wako karuka ngazi tatu kwa mpigo.

Ngazi ya kwanza ni choo. Choo kinachopitisha maji kimyakimya kinaweza kula mamia ya lita kwa siku na usisikie kitu, yale maji yanateleza kama uzi mwembamba ukutani mwa bakuli huwezi hata kuyaona kama taa ni hafifu. Weka matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, usivute maji, rudi baada ya dakika 20. Ukikuta bakuli limepata rangi ujue mpira wa chini haukai vizuri. Fanya kwa vyoo vyote. Kama kuna tangi la akiba angalia na floti yake, lile puto linalofunga maji tangi likijaa, maana ikishindwa kufunga maji yanatokea kwenye bomba la kumwagia ziada ambalo mara nyingi limeelekezwa nyuma ya nyumba kusikopita mtu.

Vyoo vikiwa safi, ngazi ya pili ni valvu kubwa, ile inayofunga maji yanapoingia nyumbani. Ifunge halafu nenda kwenye mita ukatazame kile kigurudumu kidogo, kwenye mita nyingi kina umbo la nyota au la pembetatu, hicho kinazunguka hata kwa maji kidogo sana. Kikiendelea kuzunguka wakati valvu imefungwa, uvujaji uko kati ya mita na nyumba, kwenye udongo huko nje, na sebule yako haina kosa lolote. Kikisimama, uko ndani. Ila angalia hapa, zile geti valvu za zamani zinadanganya, unazungusha mpaka mwisho na maji bado yanapenya. Kwa hiyo ukishafunga, fungua koki moja ya ndani, acha maji yaliyobaki kwenye bomba yatoke, na baada ya hapo pakauke kabisa. Kama panaendelea kutiririka, valvu haifungi na kipimo chako hakina maana yoyote, ibadilishe kwanza.

Ngazi ya tatu ni hita. Fungua tena valvu kubwa, funga ile ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Mita ikisimama, tatizo liko upande wa maji moto. Ikiendelea, liko baridi. Umeona, hujapiga hata nyundo moja na tayari nusu ya nyumba umeitoa kwenye kesi.

Baada ya hapo ndo unamwita mtu mwenye vifaa. Kuna kipaza sauti cha chini kinachosikiliza maji yanapotoka kwenye tundu kwa presha, yanatoa mlio wa kama mtu anayekwambia nyamaza, shhh isiyokatika. Kuna pia njia ya gesi, bomba linamwagwa maji yote kisha linajazwa mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, haushiki moto usiogope, na kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi mno inapanda juu kupitia zege na kwenye maungio ya marumaru, halafu kuna kifaa kinanusa pale inapotokea. Mimi hiyo ya gesi naipenda zaidi kwa bomba za plastiki kwa sababu plastiki haipitishi sauti vizuri kama chuma.

Na niseme kwa nini ni mkali kwenye jambo hili. Miaka ya mwanzo ya kazi niliitwa kwenye nyumba ambayo maji yalikuwa yanatokeza pembeni ya mlango wa bafu, yanaonekana kwa macho, marumaru mbili zimeinuka, nikasema hapa hata mtoto angejua. Nikavunja. Zege lilikuwa la sentimita 10 hivi, chini yake mchanga umelowa chapachapa, bomba liko pale zima kabisa linanicheka. Tundu lilikuwa karibu mita tatu kutoka pale, chini ya korido, maji yalikuwa yanafuata ule mfereji uliochimbwa kulaza bomba kwa sababu mchanga wake ni laini kuliko udongo wa pembeni, yanatembea yakipata upenyo ndo yanajitokeza. Nilivunja mara mbili kwa malipo ya mara moja. Maji yanapoonekana ni mahali yalipochoka kutembea, sio lazima yalipotoka.

Fundi, nina jambo dogo sijui hata kama ni tatizo. Nikideki korido kuna sehemu moja inakauka kabla ya kwingine kote, na mwanangu anapenda kukaa hapo anasema pana joto. Kweli nikiweka kiganja pana uvuguvugu. Mita sijaangalia. Na kwa nini nasikia bomba la maji moto ndo linaharibika mapema kuliko la baridi? Dada wa Korido

Dada, una jicho. Watu wanakaa na doa kama hilo mwaka mzima.

Kuna mambo mawili hapo. Inawezekana ni bomba la maji moto lililolazwa juu juu, na hilo sio ugonjwa. Au linavuja na yale maji moto yanalipasha zege joto toka chini. Kuyatofautisha ni hivi, amka asubuhi kabla hajaoga mtu, kabla hajafungua mtu maji moto, weka kiganja. Bomba lililolala juu juu linakuwa limepoa usiku na sakafu iko kama kwingine, likitumika ndo linapata joto na joto lenyewe linakaa kama mstari unaofuata njia ya bomba. Linalovuja halipoi. Usiku kucha maji yanatoka, hita inaingiza mengine inayachemsha, yanatoka tena, kwa hiyo utakuta doa, la mviringo hivi, na lina joto saa yoyote. Wenye hita ya umeme wataliona hata kwenye matumizi ya umeme kabla ya maji.

Ukikuta ni doa, zima hita na ufunge valvu yake ya kuingizia, mtaoga maji baridi siku kadhaa hakuna atakayekufa. Halafu fanya kile kipimo cha mita nilichomwambia mama hapo juu.

Utasikia watu wanazungumzia kamera ya joto kwamba inaona ndani ya zege. Haioni ndani. Inasoma joto la juu ya sakafu basi, kwa hiyo kwa maji moto inasaidia sana, kwa maji baridi inaweza isikuonyeshe kitu na fundi akakwambia nyumba ni nzima.

Umeuliza pia mwishoni kwa nini la moto ndo linaharibika mapema. Bomba la shaba la mita 10 likipanda nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 7, likipoa linarudi. Kila mtu anayeoga analivuta na kulirudisha. Sasa kama limelala juu ya kokoto yenye ncha au limegusana na nondo, linajisugua pale pale kila siku kwa miaka, mpaka litoboke. La plastiki linataka kurefuka zaidi hata ya hapo. Ndo maana bomba la moto linapaswa kuvikwa koti la sponji kabla ya kumwagiwa zege, na ndo maana bomba nyingi hazijavikwa, koti halionekani nyumba ikishaisha.

Habari za kazi mkuu. Sisi maji yanapanda tangi la juu halafu kuna pampu inayosukuma ndani. Usiku tukiwa tumelala pampu inawaka sekunde chache inazima, baada ya dakika kumi tena. Jirani anasema ni bomba la chini ya sakafu, dogo wangu anasema ni pampu. Nani yuko sahihi? Baba Pampu

Salama mkuu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kuwaamua ni kazi ya dakika ishirini.

Pampu ya aina hiyo inawaka presha ikishuka. Presha inashuka kwa sababu maji yanatoka upande wa nyumba, au kwa sababu yanarudi nyuma kwenye tangi kupitia nonritani iliyochoka, ile valvu ndogo inayozuia maji yasirudi. Basi funga valvu iliyo baada ya pampu, ile inayopeleka ndani ya nyumba. Pampu ikiendelea na mchezo wake wa kuwaka na kuzima, dogo kashinda, shughulika na nonritani au mtungi wa presha. Ikitulia tuli, jirani ana hoja, kuna mahali ndani panapotoa maji, na bado anza na vyoo.

Mkitaka kujua ni kiasi gani, zima pampu, funga maji yanayoingia kwenye tangi, acha valvu ya kwenda ndani wazi kama kuna njia ya maji kushuka yenyewe, weka alama ya usawa wa maji kwenye tangi, mlale. Tangi la duara lenye upana wa mita 1.1 kila sentimita moja inayoshuka ni lita 9 na nusu. Asubuhi mkikuta imeshuka sentimita 6 mmepoteza lita 57.

Kitu kimoja kwa wote wenye tangi la juu bila pampu. Tangi likiwa mita 6 juu ya sakafu linakupa presha ya baa 0.6 tu, kwa presha hiyo tundu dogo halitoi mlio, linalia machozi. Fundi akija na kipaza sauti asikie kimya akasema hakuna kitu, msimuamini moja kwa moja, mwambieni kwanza aongeze presha kwa pampu ya mkono ndo asikilize. Na asikilize usiku wa manane, friji imezimwa, feni zimezimwa, mimi hata leo bisibisi ndefu naiweka ncha kwenye koki na mpini sikioni saa nane usiku na napata jibu kabla sijafungua begi la vifaa.

Fundi hii imenichanganya. Chumba kilicho pakana na bafu sakafu inatoa unyevu kwenye maungio ya marumaru, kuna harufu, na ukuta chini umeanza kuota kuvu. Nimefanya kipimo cha mita ulichowahi kuandika, nimefunga kila kitu, mita imesimama kabisa, lisaa lizima haikusogea. Sasa maji yanatoka wapi? Mpangaji

Swali zuri hili, na laiti yule fundi wa kwanza angekuwa analisoma.

Mita inapima maji safi tu. Bomba la maji machafu halina presha na halipiti kwenye mita, linavuja pale tu mnapooga au kuvuta choo, kwa hiyo ukifunga kila kitu na kusubiri, nalo linakuwa limepumzika. Mita kusimama kumekwambia kitu kikubwa, kwamba usiguse bomba za maji safi. Na harufu imeshamtaja mwenyewe.

Lakini hata kwenye maji machafu kuna hatua. Anza na sakafu ya bafu. Ziba tundu la kutolea maji kwa kizibo kinachobana, jaza maji sentimita 2 au 3 kama bafu lina kingo, weka alama ya penseli ukutani, subiri masaa kadhaa. Yakishuka, bomba halijahusika bado, ni sakafu ya bafu yenyewe inapitisha kwenye maungio au pembeni ya ukuta, na hiyo ni kazi ndogo kuliko unavyofikiri. Yasiposhuka, unakwenda kwenye chemba ya nje, fundi anaziba njia inayotoka nyumbani kwa puto la kuzibia, anajaza bomba maji mpaka usawa wa tundu la bafu, anatazama. Yakishuka, linavuja, hapo tena unapitisha kamera ndogo ya bomba ukaone ni kiungo kimeachia au limekatika kwa sababu udongo umeshuka. Wakati wa kipimo hicho asitumie mtu choo, mkumbushane, nimeshaona maji ya chemba yakirudi chumbani kwa sababu mgeni alikuwa hajaambiwa.

Na kama vyote viko sawa kuna uwezekano wa tatu, kwamba unyevu unapanda wenyewe kutoka ardhini kwa sababu chini ya zege hakukutandikwa nailoni. Huo hauna bomba wa kulaumiwa. Pata mahali penye zege tupu, bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, tepu pande zote nne pasipite hewa, acha masaa 16. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka kwenye zege. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba, fungua madirisha.

Wewe ni mpangaji, kwa hiyo piga picha za kila hatua zikiwa na tarehe umtumie mwenye nyumba. Kuvunja ni uamuzi wake, ila kuvu usikae unaivuta kifuani ukisubiri aamue.

Nimetengeneza bomba la chini ya sakafu mara mbili ndani ya miaka miwili, moja jikoni moja chumbani, ni bomba za chuma za zamani. Sasa mita inazunguka tena. Nimechoka. Mzee wa Mashimo

Pole mzee, na shikamoo. Hapo acha kuvunja.

Tundu la kwanza kwenye bomba zuri ni ajali, jiwe, kiungo kibaya, msumari wa mtu. Unavunja pale pale unaziba yameisha. Tundu la pili na la tatu kwenye bomba lile lile la chuma ni umri, kutu inakula kwa ndani na kwa nje kwa pamoja, na kila unapoziba sehemu moja presha inaenda kutafuta sehemu nyingine iliyokonda. Unalipia marumaru mpya juu ya bomba mfu.

Cha kufanya ni kuliacha lilale huko huko chini. Litenge kabisa pande zote mbili lizibwe, halafu pitisha bomba jipya juu, kwenye dari au ndani ya ukuta, linashuka kwenye kila koki. Utachimba kuta kidogo na kupiga plasta na rangi, ndio, ila siku likivuja utaliona, na kulifikia ni kazi ya ngazi na nusu saa. Kuna wanaotoa huduma ya kupaka bomba kwa ndani kwa dawa ya epoksi inayoganda, bila kuvunja. Inafanya kazi kwenye bomba ambalo bado lina unene. Lililokwisha kuwa kama karatasi, pale linaposafishwa tu kabla ya kupakwa linapasuka, kwa hiyo kwa umri wa bomba zako mimi nisingeweka pesa huko.

Kabla ya yote, pale kwenye mashimo mawili ya zamani gonga sakafu na mpini wa nyundo. Ukisikia mlio wa debe tupu, maji yalishabeba mchanga wa chini, zege linaning'inia hewani. Hapo patobolewe kidogo pajazwe uji wa saruji kabla hapajaanza kuchora nyufa.

Shikamoo fundi. Mimi bado najifunza, nimepewa kazi ya kwanza peke yangu ya kuunga bomba la plastiki la PPR la milimita 20 chini ya zege, tundu limeshapatikana. Nisiharibu wapi? Fundi Mdogo

Marahaba kijana. Kuuliza kwenyewe kumenifurahisha.

Kabla ya kukata zege uliza mchoro wa nyumba. Kuna majengo zege lake la chini lina nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani, ukikata waya mmoja wa namna hiyo unaweza kuruka na kumuua mtu. Kama kuna dalili hiyo, au hakuna anayejua, zege lisiguswe mpaka apatikane mwenye mashine ya kuona ndani ya zege. Na nyaya za umeme pia hupita humo, zima swichi kubwa.

Kata mraba kwa grainda ya zege kwanza ndo uvunje katikati, kingo zinabaki safi na marumaru za jirani hazipasuki. Shimo liwe pana, sentimita 60 kila upande, vijana mnapenda kuchimba tundu la panya halafu mnashindwa kuingiza mashine ya kuunguza, ile inayoyeyusha ncha za plastiki ziungane. Na hapo ndo kazi inapoharibikia. Mashine iwe nyuzi 260, bomba la 20 linakaa sekunde 5 kwenye moto, unatoa, unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia bila kutikisa, unaacha dakika mbili lipoe. Ukizidisha moto plastiki inajikunja ndani inaziba nusu ya njia. Ukipunguza, linashika kwa nje tu na mwakani unaitwa tena. Na bomba lenye hata tone moja la maji haliungiki, lile tone linageuka mvuke linaacha kijitundu. Kama valvu haifungi vizuri na maji yanadondoka, usilazimishe, tafuta njia ya kuyakausha kabisa au ongeza valvu mpya huko mbele.

Ukimaliza, mwenye nyumba atakuwa amesimama juu yako anauliza unafukia lini. Hufukii. Pandisha presha kwa pampu ya mkono, mfano baa 6, ukishatenga hita na vyoo maana havikuandaliwa kwa hiyo, na utazame geji. Sindano itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki inatanuka, rudisha presha, sasa hesabu saa nzima. Ikisimama, futa kiungo kwa karatasi kavu, itazame ile karatasi. Ndo unavika koti la sponji, mchanga laini usio na kokoto, unashindilia, unarudishia nailoni ya chini na kuipishana na ile ya zamani kwa tepu, nondo kama ulikata unaziunga, zege.

Ya haraka haraka

*Marumaru nirudishie lini?* Zege linafika nguvu yake kamili siku 28, kulikanyaga ni siku mbili tatu. Ila kukauka ni kitu kingine, watu tunakadiria mwezi kwa kila sentimita 2.5 za unene. Marumaru za kubandika kwa saruji zinavumilia mapema, sakafu ya mbao au ya plastiki haivumilii, pima na ile nailoni ya masaa 16.

*Maji yakikatika na kurudi yanakuja na tope mwanzoni, ni kawaida?* Inaweza kuwa ya mtandao mzima, waulize majirani. Kama ni kwako tu, chukulia kwamba una tundu. Presha ikiwepo maji yanatoka nje, presha ikikatika bomba linaweza kunyonya lililoko huko chini, na huko chini kuna bomba la choo pia. Chemsha ya kunywa mpaka ujue.

*Nikishika koki nasikia kama naumwa na wadudu vidoleni, na sakafu ina unyevu.* Huo ni umeme. Usiguse tena, zima swichi kubwa kama mahali ilipo ni pakavu, toa watoto, ita fundi umeme kabla yangu.

*Ndo kwanza najenga, nizuie vipi yote haya?* Usipitishe bomba za maji safi chini ya zege kama kuna namna nyingine. Kama hakuna, usiweke kiungo hata kimoja huko chini, bomba liende zima kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya bomba kubwa la kulivalisha, siku likiharibika unalivuta unapitisha jingine. Na siku moja kabla ya kumwaga zege, chukua simu, fungua tepu uitandaze toka kwenye kona ya ukuta mpaka kwenye kila bomba, namba zisomeke, upige picha. Picha zisikae kwenye hiyo simu peke yake.